Maji Vuguvugu na Mfuniko: Historia ya Kuelea kwa ajili ya Utulivu, kutoka Hospitali za Wagonjwa wa Akili hadi Tangi la Kuelea

Insha hii inahusu desturi ambayo leo imezoeleka katika miji mingi ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Mtu hulipa ada, huingia katika tangi au kidimbwi chenye maji vuguvugu yaliyokolezwa chumvi, hulala chali juu ya maji hayo katika giza na ukimya kwa muda wa saa moja hivi, kisha hutoka akieleza kwamba ametulia kwa namna ambayo usingizi haumpi. Waandishi wengi wa historia ya desturi hii huianzia mwaka 1954, katika maabara ya daktari wa Kimarekani John C. Lilly. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwanzo huo umechaguliwa kwa upendeleo. Kabla ya Lilly, maji yaleyale, yenye joto lilelile, yalikwisha kutumika kwa zaidi ya nusu karne kuwatuliza watu wengi ambao hawakuulizwa kama wanataka kutulizwa. Historia inayoliacha bafu hilo nje inapata mvumbuzi mmoja na safari moja nzuri ya kuelekea ndani ya nafsi, lakini inapoteza swali lililo gumu zaidi: mtu anapotulia ndani ya maji, ni nani aliyeshika mfuniko?

Kabla ya kuendelea, neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili, kitenzi *elea* kina maana mbili ambazo msemaji hazitenganishi kwa shida. Chombo huelea majini, na jambo humwelea mtu likawa wazi kwake. Ndiyo maana anayefafanua husemwa kuwa *anaeleza*. Chelezo la mvuvi limetoka katika shina hilohilo. Wapenzi wa tangi la kuelea wamekuwa wakidai tangu miaka ya 1970 kwamba akili huwa wazi pale mwili unapoacha kuwa mzito. Lugha yetu haithibitishi dai hilo, lakini inalifanya lisiwe geni masikioni.

Joto lisilohisiwa

Msingi wa kifiziolojia ni mwepesi kuueleza. Joto la ndani ya mwili wa mtu mzima ni takribani nyuzi 37 za sentigredi, lakini ngozi yake ni baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Maji hupitisha joto kwa kasi iliyo zaidi ya mara ishirini ya ile ya hewa. Kwa hiyo maji ya nyuzi 30, ambayo yangekuwa hewa ya kupendeza, humfanya aliyetulia ndani yake atetemeke baada ya muda, na maji ya nyuzi 38 humchosha. Kati ya mipaka hiyo kuna ukanda mwembamba, karibu nyuzi 34 hadi 35.5, ambamo aliyelala kimya hupoteza joto kwa kadiri anavyolizalisha. Hapo ngozi huacha kutoa habari. Mtu hawezi tena kusema kwa uhakika mkono wake umeishia wapi na maji yameanzia wapi. Ongeza msukumo wa maji unaoubeba mwili, nayo misuli ya shingo, mgongo na nyonga, ambayo haipumziki kikamilifu hata kitandani, inapungukiwa na kazi.

Pwani ya Afrika Mashariki inayo historia yake ya maji ya moto. Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa Unguja mwaka 1850 katika utawala wa Seyyid Said, na ile ya Hamamni katika Mji Mkongwe, iliyojengwa katika zama za Sultani Barghash, ni ushahidi unaosimama hadi leo. Hata hivyo, hamamu ni mahali pa mvuke, kusinga, kuoga na kuzungumza. Mtu huingia humo ili awe na watu na atoke akiwa safi. Bafu linalojadiliwa hapa lina ukoo mwingine: halikusudiwi kuondoa uchafu, na mara nyingi limekusudiwa kumwondoa mtu miongoni mwa watu.

Bafu la mfululizo

Tabibu wa akili wa Kijerumani Emil Kraepelin, aliyefundisha Heidelberg kuanzia 1891 na kuhamia Munich mwaka 1903, anakumbukwa zaidi kwa uainishaji wake wa magonjwa ya akili. Hakumbukwi sana kwa mabafu. Lakini katika wodi zake, bafu la muda mrefu lilikuwa miongoni mwa tiba kuu za wagonjwa waliofadhaika: waliopiga kelele, waliojirusha, waliokataa kulala. Waliwekwa ndani ya maji ya joto la wastani kwa saa nyingi, na wengine kwa siku kadhaa mfululizo. Kraepelin hakuwa mzushi wa jambo hili, kwani madaktari wa Ufaransa walikuwa wamelitetea katikati ya karne ya 19. Alichofanya yeye ni kuliingiza katika utaratibu wa kawaida wa hospitali ya kisasa, na kulitetea kwa hoja ya utu: pale penye mabafu ya kutosha, alisema, vyumba vya kumfungia mgonjwa peke yake vinaweza kuachwa.

Hoja hiyo inapaswa kuchukuliwa kwa uzito. Bafu liliingia mahali pa minyororo, mikanda na kiza cha seli, na wauguzi wengi waliona kwa macho yao mgonjwa aliyekuwa akipiga ukuta kwa kichwa akitulia, akila, na hatimaye akilala. Maji ya nyuzi 35 hayamchagui aliyekuja kwa hiari. Yanalegeza misuli ya aliyelazimishwa kama yanavyolegeza ya mwingine yeyote.

Nchini Marekani tiba hii ilienea katika hospitali za serikali za majimbo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi miaka ya 1940. Ufundi wake ulikuwa makini. Ndani ya bafu ilifungwa machela ya turubai ambayo mgonjwa alilazwa juu yake, hivi kwamba mwili ulining'inia katika maji bila kugusa chini. Ngozi ilipakwa mafuta mazito ili isiharibike kwa kuloa. Maji yaliingia upande mmoja na kutoka upande mwingine bila kukoma, yakiwa yamechanganywa na vali maalumu, huku mhudumu akisoma kipimajoto mara kwa mara, maana hitilafu ya vali ingeweza kumuunguza mtu asiyeweza kutoka. Kitambaa baridi kiliwekwa kichwani. Juu ya bafu lote lilifungwa turubai jingine lenye tundu moja, na katika tundu hilo kilitokeza kichwa cha mgonjwa.

Hilo turubai la juu ndilo moyo wa suala. Katika lugha ya vitabu vya mafunzo lilikuwapo ili kuhifadhi joto na staha ya mgonjwa. Katika matumizi lilimzuia kuinuka. Mwanahistoria Joel Braslow, katika kitabu chake cha 1997 kilichotegemea kumbukumbu za hospitali ya Stockton, California, ameonyesha jinsi madaktari walivyoamini kwa dhati kuwa wanatibu, ilhali katika wodi mpaka kati ya tiba na nidhamu ulififia. Mgonjwa aliyeleta fujo alipelekwa bafuni, aliyetulia alitolewa. Kwa mgonjwa, mantiki ya adhabu na mantiki ya tiba zilikuwa na sura moja.

Tunashawishika kumwona Kraepelin kuwa mnafiki, au kuwaona wahudumu wa Stockton kuwa wakatili. Sioni kuwa ushahidi unalazimisha hivyo. Inatosha kusema kwamba kitu kimoja kiliweza kuwa faraja na kifungo kwa wakati mmoja, na kwamba aliyeandika faili alikuwa daima yule aliyesimama nje ya maji.

Mabafu haya hayakuondolewa na malalamiko ya wagonjwa. Yaliondolewa na kidonge. Dawa ya kloropromazini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Ilikuwa rahisi zaidi, haikuhitaji vali wala mhudumu wa kukesha. Vyumba vya mabafu viligeuzwa matumizi au kubomolewa.

Montreal na Bethesda

Mwaka uleule wa 1954, Lilly aliingia ndani ya maji. Alikuwa mtafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili huko Bethesda, Maryland, na swali lake lilikuwa la kisayansi kabisa: je, ubongo usipopata vichocheo kutoka nje hulala, au una chanzo chake wenyewe cha uamkaji? Alijitundika katika tangi la maji ya nyuzi 34.5, yaliyokuwa yakitiririka polepole, kichwa chake kikiwa kimefunikwa na barakoa isiyopitisha nuru, yenye mirija ya kupumulia. Alijizuia kusogea. Hakulala usingizi wa moja kwa moja, na hilo pekee lilikuwa jibu.

Ripoti aliyoitoa mwaka 1956 ni fupi na ina adabu ya kimaabara, lakini inasomeka kama taarifa ya msafiri. Kwa kiasi cha dakika 45 za mwanzo, mambo ya siku hiyo huendelea kuzunguka kichwani. Baadaye hufuata utulivu mtamu. Kisha, kadiri saa inavyopita, huja njaa ya vichocheo: mtu hujikuta akisugua kidole kimoja kwa kingine, na mguso huo mdogo unakuwa tukio kubwa. Asipoushinda msukumo huo anatoka; akiushinda, fikra huanza kuchukua sura za ndoto za mchana, na hatimaye za picha zinazoonekana gizani. Alipotoka, Lilly alihisi kama ameamka asubuhi kwa mara ya pili katika siku moja.

Muktadha wa utafiti huo haukuwa mtulivu hata kidogo. Vita vya Korea vilikuwa vimezua hofu kubwa kwamba wafungwa wa kivita walikuwa wakibadilishwa fikra. Kuanzia 1951, katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwanasaikolojia Donald Hebb alipokea fedha kutoka bodi ya utafiti wa ulinzi ya Kanada ili kuchunguza kinachompata mtu anaponyimwa vichocheo. Wanafunzi wa kiume walilipwa dola 20 kwa siku walale kitandani wakiwa na miwani ya ukungu, glavu, na makasha ya karatasi ngumu mikononi. Wengi hawakuvumilia zaidi ya siku mbili tatu. Waliona maono na uwezo wao wa kufikiri ulipungua. Baadaye Hebb alikiri kwamba kazi hiyo ilianza na tatizo la kubadilishwa fikra, na kwamba hawakuruhusiwa kusema hivyo katika makala za mwanzo.

Si lazima kudai kwamba vyumba vya mahojiano duniani vilijifunza kutoka Montreal. Wafungwa wa Ireland ya Kaskazini walipofunikwa vichwa kwa mifuko na kuwekwa katika kelele zisizokoma mwaka 1971, ripoti ya Parker iliyofuata mwaka 1972 ilieleza kuwa baadhi ya mbinu hizo, au zote, zilikuwa zimetumika hapo awali katika maeneo kadhaa ya utawala wa Uingereza, Kenya ikiwa mojawapo. Mazoea yalitangulia maabara. Mwaka 1978 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyaita matendo hayo ya kinyama na ya kudhalilisha, ingawa haikuyaita mateso. Ninalitaja hili kwa sababu katika miaka ya 1950 na 1960 istilahi ilikuwa moja, ya kunyimwa hisia, kwa mfungwa aliyefunikwa mfuko na kwa daktari aliyejifunika barakoa majini.

Je, tofauti ya Lilly ilikuwa nini? Maji yalikuwa na mchango wake, kwani kitanda cha McGill kiliacha mgongo ukiuma na mwili ukitafuta mahali pa kujigeuza. Lakini tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwamba Lilly alijitia mwenyewe. Alishikilia kanuni kwamba mtafiti asimfanyie mwingine jaribio ambalo hajajifanyia. Walioingia baada yake walikuwa wachache, waliojua wanachoingia na walioweza kutoka. Wanafunzi wa Hebb nao waliweza kutoka, lakini hawakujua jaribio lilikuwa la nini.

Chumvi ya haluli

Tangi la Bethesda lilikuwa la maji baridi yasiyo na chumvi, kwa maana kwamba halikuweza kuibeba miguu ya mtu bila msaada. Ndiyo sababu ya barakoa na kuning'inia wima. Lilly alipohamia Kisiwa cha St. Thomas kwa ajili ya utafiti wake wa pomboo, alitumia maji ya bahari na kugundua kwamba anaweza kulala chali, uso nje, bila kifaa chochote usoni. Hatua iliyofuata, huko California, ilikuwa magnesiamu salfeti, ambayo waswahili wa madukani huiita chumvi ya haluli kwa sababu ya matumizi yake ya kuendesha tumbo. Chumvi hiyo ilijulikana Uingereza tangu karne ya 17 katika chemchemi za Epsom. Faida yake tangini ni kwamba huyeyuka kwa wingi mno na haiwashi ngozi kama chumvi ya chakula. Mamia ya kilo huyeyushwa katika maji yenye kina cha sentimita 25 au 30 tu, na mtu huelea kama chelezo hata akijaribu kuzama.

Mwaka 1972 mtaalamu wa programu za kompyuta, Glenn Perry, alihudhuria warsha ya Lilly, akaelea, na akaanza kutengeneza matangi ya kuuza. Kampuni yake, Samadhi, ilifungua kituo cha biashara huko Beverly Hills mwaka 1979. Hapa historia ya fikra inapaswa kutazama bawaba. Tangi la Samadhi lilikuwa na mlango mwepesi usio na komeo, unaosukumwa kwa mkono na aliyelala ndani. Turubai la Stockton lilifungwa kutoka nje. Joto la maji linatofautiana kwa nyuzi moja au mbili. Mlango ndio uliobadilika.

Jina nalo lilibadilika. Peter Suedfeld wa Chuo Kikuu cha British Columbia na mwenzake Roderick Borrie walipendekeza, mwishoni mwa miaka ya 1970, kuacha neno la kunyimwa na kusema mbinu ya kupunguza vichocheo vya mazingira, jina ambalo herufi zake za kwanza kwa Kiingereza zinaunda neno lenye maana ya pumziko. Wakosoaji wanaweza kuona hapo ujanja wa soko. Suedfeld alikuwa na sababu nzuri zaidi: maelekezo ya kutisha yaliyotolewa kwa washiriki wa awali, pamoja na fomu na vifaa vya dharura, vilikuwa vyenyewe vikizalisha sehemu ya hofu iliyoripotiwa. Aliyeambiwa kwamba anaweza kuchanganyikiwa alijichunguza kwa bidii mpaka akachanganyikiwa.

Biashara hiyo haikukua kwa mstari ulionyooka. Filamu ya *Altered States* ya mwaka 1980 iliwaonyesha watazamaji mwanasayansi anayegeuka kiumbe cha kale tangini, na Lilly mwenyewe alikuwa amekwisha kujihusisha na ketamini kiasi cha kuwatia mashaka wanasayansi wenzake. Hofu ya UKIMWI katikati ya miaka ya 1980 iliwafukuza wateja katika kila aina ya maji ya pamoja. Vituo vingi vilifungwa, na ufufuo ulisubiri karne hii.

Mkondo mwingine ulikwenda njia tofauti kabisa. Kuanzia 1980, katika chemchemi za moto za Harbin, California, Harold Dull aliwaeleza wanafunzi wake jinsi ya kumshika mtu mikononi juu ya maji vuguvugu na kumnyoosha taratibu kwa mbinu za shiatsu alizojifunza kutoka kwa Shizuto Masunaga wa Japani. Tiba hiyo, iitwayo Watsu, haina mfuniko, haina giza, na muhimu zaidi, haina upweke. Ndiyo ambayo, kwa maoni yangu, msomaji wa pwani angeitambua kwa haraka zaidi, kwa kuwa inafanana na mama anavyomshika mtoto anayefundishwa kuogelea.

Kilichopimwa

Madai ya watetezi wa tangi yamekuwa makubwa kuliko vipimo vyao. Thomas Fine na John Turner, huko Toledo, Ohio, walionyesha kushuka kwa homoni ya kotisoli kwa watu walioelea mara kwa mara. Mwaka 2005 uchambuzi wa Dirk van Dierendonck na Jan te Nijenhuis ulikusanya tafiti 27 na kuona manufaa kwa watu wenye msongo; lakini washiriki wote kwa jumla walikuwa 449, yaani wastani wa watu wasiofika 17 kwa utafiti. Dai kwamba magnesiamu hupenya ngozi na kutibu mwili halina ushahidi wa kutosha, na kazi ya chumvi hiyo inaelezeka kikamilifu kwa uzito wa maji. Tena, hakuna tangi bandia. Mtu hawezi kueleshwa bila kujua, kwa hiyo matarajio ya aliyelipa na aliyesoma vipeperushi hayatenganishwi kwa urahisi na athari ya maji.

Utafiti uliovuta macho zaidi ni wa Justin Feinstein na wenzake huko Tulsa, Oklahoma, uliochapishwa mwaka 2018. Washiriki 50 wenye matatizo ya wasiwasi na msongo, wengi wao wakiwa pia na sonona, walielea mara moja kwa saa moja, na wasiwasi wao wa wakati huo ulishuka kwa kiwango kikubwa. Haukuwa na kundi la kulinganisha, na athari moja ya saa moja haisemi lolote kuhusu mwezi ujao. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, maelezo ya kifaa yana uzito sawa na matokeo. Hawa walikuwa watu wa aina ileile ambayo karne moja kabla ingefungiwa chini ya turubai: waliofadhaika, wasiolala, wenye hofu. Watafiti walijua kwamba baadhi yao wasingeweza kuvumilia tangi lililofunikwa. Wakatumia kidimbwi cha duara, kilicho wazi juu, katika chumba ambamo mshiriki aliweza kuwasha taa akiwa ndani ya maji na kuondoka wakati wowote. Muda wa kukaa majini, ambao katika wodi za zamani uliamriwa na daktari na kuandikwa na mhudumu aliyesimama pembeni na kipimajoto, sasa uliweza kukatishwa na aliyelala juu ya maji.